Kabla ya Kidonge, Niambie: Mtoto Unamtaka Lini?

Hotuba kwa akina mama, mabinti na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mwezi Machi

Mheshimiwa mwenyekiti, mama zangu, dada zangu, wadogo zangu mliokuja na sare za shule, na nyinyi kina baba mliochagua viti vya karibu na mlango: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana. Kina baba naomba msitoke. Jambo la leo linawafikia mpaka chumbani.

Kwenye barua ya mwaliko imeandikwa kwamba nitazungumzia tiba ya homoni kwa maumivu sugu ya nyonga. Najua wengi mkisikia homoni mnasikia uzazi wa mpango, na kuna mama hapa mbele tayari amekunja mikono. Mama yangu, sikuja kukupunguzia wajukuu. Ila sitakudanganya: dawa nyingi nitakazozitaja leo ni hizo hizo zinazotolewa kliniki ya uzazi wa mpango, na kwenye vituo vya serikali hutolewa bure. Kidonge hakijui kimeandikiwa kazi gani. Kikishaingia mwilini kinazuia yai lisipevuke, utando wa ndani wa kizazi unakuwa mwembamba, na maumivu yanayoendeshwa na hedhi yanatulia. Kwamba anayekimeza hana mume, au ana miaka 16, au alishafunga kizazi, hilo kwa kidonge halina uzito wowote.

Maumivu gani hasa? Tunayaita sugu pale yanapokuwa yamekaa chini ya kitovu kwa miezi 6 au zaidi. Yanaweza kuja na hedhi tu, au katikati ya mwezi, au wakati wa tendo la ndoa, au wakati wa haja kubwa, au yakawa hayaondoki kabisa. Huku kwetu yote hayo yamebebeshwa jina moja: chango. Bibi anasema chango, shangazi anasema chango, na muuza dawa sokoni ana chupa yake ya chango la uzazi. Sina ugomvi na jina. Ugomvi wangu ni na ile sentensi inayofuata, "ukizaa litaisha." Wapo ambao hedhi hupungua makali baada ya kuzaa, ni kweli. Na wapo waliozaa watatu, na siku ya kwanza ya mwezi bado wanakwenda chooni wameshika ukuta. Binti wa miaka 17 haandikiwi ujauzito kama dawa.

Mgonjwa wa namna hii mara nyingi huwa namtambua kabla hajakaa kwenye kiti. Anakuja na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani mna karatasi za altrasaundi, zote zinasema hakuna tatizo lililoonekana. Vipimo vya mkojo vimesomwa UTI, halafu UTI, halafu UTI sugu, na mwaka uliofuata jina likabadilika likawa PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija. Kwenye daftari la zahanati kuna siprofloksasini, metronidazoli, doksisaiklini, kisha sindano za siku tano, kisha tunarudi tena kwenye siprofloksasini. Mume naye amemezeshwa dozi zake kwa ugonjwa ambao pengine hakuna kati yao aliyekuwa nao. Sasa muulize mama huyu swali moja tu: yanaanza lini? Atakujibu bila kufikiri: siku mbili kabla sijaingia mwezini, Daktari, kila mwezi, tangu nipo darasa la saba. Jamani, bakteria hawana kalenda. Maumivu yanayofuata tarehe yanatuambia tuangalie homoni kabla hatujaandika antibayotiki ya nne.

Na tusidhani kosa hili ni la zahanati zetu peke yake. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani walifundishwa kwamba endometriosisi, ambayo nitaieleza sasa hivi, ni ugonjwa wa mwanamke wa Kizungu, mwenye pesa, aliyechelewa kuzaa. Mwanamke mweusi akija na maumivu hayo hayo aliandikiwa maambukizi. Mwaka 1976 daktari wa Chicago aitwaye Donald Chatman aliandika juu ya wagonjwa wake weusi aliowachunguza kwa kamera inayoingizwa tumboni. Baadhi yao aliwakuta na endometriosisi, na si wachache kati ya hao walikuwa wameshaambiwa wana PID. Sijui niseme nini kuhusu 1976 ninapozitazama bahasha za mwaka huu.

Endometriosisi ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi, lakini imeota nje yake: kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, juu ya utumbo, kwenye kibofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anayo, yaani kama milioni 190 duniani. Ina ndugu yake, adenomiosisi, ambapo tishu ya namna hiyo inaingia ndani ya nyama ya kizazi chenyewe. Hapo kizazi kinavimba na damu inakuja nzito, yenye mabonge, mpaka mtu analala na taulo. Hao wawili ndio wanaozisikia homoni vizuri.

Wengine hawazisikii. Makovu ya upasuaji wa zamani, misuli ya nyonga iliyokaza, kibofu chenye maumivu, utumbo unaojaa gesi na kukoroga: haya homoni inaweza kuyapunguza kidogo kama yanazidi wakati wa hedhi, lakini haiyatibu. PID ya kweli inataka antibayotiki, tena mapema, kwa wote wawili. TB ya kizazi inataka dawa za TB. Na kuna kichocho, ambacho tunakisahau. Mdudu wa kichocho cha mkojo anaweza kutaga mayai yake kwenye shingo ya kizazi na ukeni, na mwanamke akaumwa nyonga na kutokwa damu kwa miaka. Wenzetu wa Pemba, Unguja na vijiji vya Kanda ya Ziwa mnaokanyaga maji ya mabwawa na majaruba, mkiulizwa historia mseme mlikoogelea mkiwa watoto. Dawa yake ni prazikwanteli. Ukimpa mtu wa kichocho kidonge cha majira, umemwacha na kichocho chake.

Swali ninaloulizwa sana na wahudumu ni hili: je, ni lazima mtu apigwe kamera ya tumboni kwanza ndipo aanze homoni? Zamani tulikuwa tunasema ndiyo. Kwa mtu wa mbali, wa Kibondo au Liwale, jibu hilo lilikuwa na maana ya "kaa na maumivu yako." Mwaka 2022 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi ilibadilisha mwongozo wake: kama dalili zinaelekea huko, dawa ya homoni inaweza kuanzwa kwa majaribio, na kamera ikasubiri. Na altrasaundi safi haimaanishi mwili safi; vidonda vidogo vya endometriosisi havionekani kwenye altrasaundi ya kawaida. Kwa hiyo ile karatasi ya "hakuna tatizo" isitumike kumwambia mtu anajifanyisha.

Lakini zipo dalili ambazo hatujaribu dawa kwanza. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, tuangalie shingo ya kizazi. Damu inayorudi baada ya hedhi kukoma, vivyo hivyo, haraka. Kukonda bila sababu, tumbo linalokua. Na maumivu ya ghafla kwa mtu ambaye hajaona siku zake: pima mimba sasa hivi, kabla ya mazungumzo mengine yote, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi inaua.

Sasa tuje kwenye dawa. Kabla sijashika kalamu huwa nauliza: mtoto unamtaka lini? Wengine hucheka, wengine hukasirika. Nauliza kwa sababu jibu lake linafuta nusu ya orodha.

Akisema namtaka sasa, basi hakuna hata moja ya dawa hizi inayomfaa. Zote, zikiwa kazini, kwa namna moja au nyingine zinazuia mimba au hazitakiwi pamoja na mimba. Na si kweli kwamba ukizitumia miezi sita "kusafisha kizazi" kisha ukaacha, utashika haraka zaidi. Hilo limechunguzwa na halikuonekana. Unachopata ni miezi sita iliyopotea. Huyu tunampa dawa ya maumivu, tunamchunguza mirija na mayai, tunafikiria upasuaji kama upo wa kuaminika, na mume anapima mbegu. Ndiyo, baba, wewe. Chupa ni ndogo na kazi ni ya dakika chache.

Akisema mwakani au mwaka unaofuata, namwelekeza kwenye dawa ambayo akiiacha leo mwili unarudi mapema: kidonge, au kitanzi cha homoni ambacho kinatolewa siku yoyote anayotaka. Sindano ya miezi mitatu nitasita kumpa. Haiharibu kizazi, na hili naomba mlisikie vizuri kwa sababu mitaani linasemwa vingine. Ila inachelewesha. Tangu sindano ya mwisho, wanawake wengi hukaa karibu miezi 10 ndipo wanashika mimba. Mtu aliyeolewa juzi, na mama mkwe anahesabu miezi, hiyo sindano itamletea kesi nyumbani.

Akisema nimemaliza, au bado sana, hapo uwanja ni mpana.

Tuanze na kidonge, maana ndicho kilicho karibu. Naomba niinue pakiti hii muione. Pakiti nyingi za vituo vya serikali zina vidonge 28. Hivi 21 vyeupe ndivyo vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Hivi 7 vya kahawia mwishoni ni madini ya chuma tu. Ukivifikia, hedhi inakuja, na kwa mgonjwa wetu maumivu yanakuja nayo. Basi mgonjwa wa maumivu tunamwambia: ukimaliza vyeupe, usiguse vya kahawia, fungua pakiti nyingine uanze vyeupe. Anaweza kwenda hivyo miezi mitatu, au mfululizo kabisa. Akianza kuona matone ya damu yasiyokoma, anaacha siku nne, anaona hedhi kidogo, anaanza tena. Mhudumu unayetoa pakiti, mpe mbili au tatu kwa pamoja na mweleze hili kwa kidole, kidonge kwa kidonge, la sivyo atameza vya kahawia na kurudi kukuambia dawa haifanyi kazi.

Hapo ndipo linapokuja lile swali la kila mahali. Damu isipotoka inaenda wapi? Haijazani tumboni? Haigeuki uvimbe? Nimelisikia kwa mama wa sokoni na kwa mwalimu mwenye shahada. Jibu ni kwamba hakuna damu iliyofungiwa. Hedhi ni utando ulionenepa mwezi mzima ukisubiri mimba, kisha ukabomoka. Dawa inazuia utando usinenepe. Shamba halikupandwa, utavuna nini? Nani aliwaambia wanaonyonyesha, ambao wengi wao hukaa miezi bila kuona siku, kwamba wamejaa damu chafu? Hakuna. Na kwa mwenye endometriosisi kila hedhi isiyokuja ni siku kadhaa za uvimbe na maumivu ambazo hazikutokea.

Kidonge hiki chenye estrojeni si cha kila mtu. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga unaomemetuka au mistari, asikitumie. Kinamwongezea hatari ya kiharusi. Mwenye presha, mvutaji sigara aliyepita miaka 35, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mama aliyejifungua wiki chache zilizopita na ananyonyesha: hao wote hapana. Pima presha kwanza, mashine ipo. Anayetumia dawa za TB zenye rifampisini, kidonge na kijiti cha mkononi vyote vinapungua nguvu mwilini mwake, sindano inavumilia. Na dada zetu wanaotumia dawa za VVU waseme ni zipi. Efavirenzi inakipunguzia kijiti nguvu, ilhali dolutegraviri, ambayo wengi wako nayo sasa, haina shida hiyo.

Asiyeweza estrojeni anabaki na projestini peke yake, na hapa kuna dawa ambayo kina mama wa Kiislamu mnaijua kuliko mimi. Mnaokwenda Hijja au mnaotaka kukamilisha funga ya Ramadhani bila kukatizwa mnainunua kwa jina la Primolut N. Ndani yake ni noretisteroni, miligramu 5. Kumbe dawa hiyo hiyo, ikitumiwa kila siku kwa miezi, inatuliza endometriosisi. Wengi huanza na kidonge kimoja kwa siku na daktari anaongeza akiona hedhi haijakoma. Msiichukue dukani mkajipangia wenyewe: dozi ikiwa kubwa sehemu yake hugeuka estrojeni mwilini, kwa hiyo mwenye historia ya damu kuganda hayuko salama nayo kama anavyodhani. Halafu inaweza kuleta chunusi na kuongeza hamu ya kula. Iko nyingine ya kundi hilo, dienojesti, miligramu 2 kwa siku. Ililinganishwa Ulaya na zile sindano kali nitakazozitaja baadaye, ikatuliza maumivu sawa nazo, bila joto la ghafla kuwasumbua wagonjwa kiasi kile. Kasoro yake ni pesa, kwani inalipiwa mfukoni, na damu ya matone miezi ya mwanzo. Tena dienojesti peke yake haihesabiwi kuwa kinga ya mimba, tumia kondomu.

Sindano ya miezi mitatu, miligramu 150 kwenye msuli, inakata hedhi kwa wengi wakishafika sindano ya tatu au ya nne. Ipo pia ndogo ya miligramu 104 inayochomwa chini ya ngozi, ambayo wenzetu wa Uganda wanafundishwa kujichoma wenyewe nyumbani. Kwa wenye selimundu sindano hii ni rafiki. Mabaya yake ni uzito, matone, na mifupa kupungua madini wakati unaitumia. Ukiacha mifupa hujirudi, lakini kwa binti ambaye bado anakua nafikiria mara mbili. Na kwa kuwa najua litawafikia kwenye WhatsApp likiwa limekolezwa chumvi, nalisema mwenyewe: mwaka 2024 utafiti mkubwa wa Ufaransa ulionyesha kwamba waliotumia sindano hii zaidi ya mwaka walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata uvimbe wa utando wa ubongo unaohitaji upasuaji. Uvimbe huo wenyewe ni nadra sana. Sijaacha kuiandika sindano. Ila mtu akiwa juu yake miaka mingi na kichwa kikaanza kuuma kwa namna mpya, au macho yakafifia, asiambiwe ni mawazo.

Kitanzi sasa, na hapa naomba umakini kwa sababu watu huumizwa bila kukusudiwa. Kuna vitanzi viwili. Cha shaba hakina homoni, na mara nyingi huongeza damu na maumivu ya hedhi. Mgonjwa wetu asiwekewe hicho kwa kudhani kitanzi ni kitanzi. Anachohitaji ni kile chenye homoni ya levonojestreli, miligramu 52, ambacho kinaachia dawa kidogo kidogo ndani ya kizazi kwa miaka 5 hadi 8 kutegemea aina. Kwa adenomiosisi, kwa maoni yangu, hakuna kinachokishinda: damu inapungua, na kizazi kinatulia. Si kila kituo kinacho, na miezi mitatu hadi sita ya mwanzo kina matone ya kuudhi. Kuwekewa kunauma, hasa kwa ambaye hajazaa, na ana haki ya kupewa dawa ya maumivu kabla. Kijiti cha mkononi kinaweza kushika nafasi yake pale kitanzi hakipo. Utafiti wa Brazil wa mwaka 2018 ulivilinganisha, na vyote viwili vilipunguza maumivu.

Mtauliza ipi bora. Uingereza waliwachukua wanawake 405 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa endometriosisi, wakawagawa kwa kura: wengine kidonge, wengine sindano au kitanzi cha homoni. Matokeo yalichapishwa 2024. Baada ya miaka mitatu maumivu yalikuwa yamepungua karibu asilimia 40 pande zote mbili, hakuna aliyemshinda mwenzake. Tofauti ilikuwa kwamba wa sindano na kitanzi walirudi hospitalini mara chache zaidi kwa upasuaji au tiba nyingine. Mimi nauchukulia utafiti huo kama ruhusa: anza na kile kilichopo kwenye kabati lako na kinacholingana na jibu la swali la mtoto. Usimwache mtu asubiri miezi kwa sababu dawa ya kwenye kitabu haijafika.

Zikishindikana hizo, tunapanda ngazi. Goserelini, miligramu 3.6, ni kipande kidogo kinachochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28. Leuprorelini ni sindano ya kila mwezi. Hizi zinazima amri kutoka kwenye ubongo, vifuko vya mayai vinalala, na mwanamke wa miaka 28 anaingia kwenye ukomo wa hedhi wa muda. Wiki za kwanza maumivu yanaweza kuzidi, aambiwe mapema asije akakimbia. Kisha joto la ghafla, kukosa usingizi, ukavu ukeni, na mifupa kupungua. Kwa sababu ya mifupa haziendi zaidi ya miezi 6 bila kurudishiwa homoni kidogo juu yake, kwa mfano noretisteroni. Watu hushangaa: umezima, halafu unarudisha? Ndiyo, kwa sababu mifupa inatosheka na kiasi kidogo ambacho tishu ya endometriosisi haishibi. Kina baba, goserelini hiyo hiyo hupewa wanaume wenye saratani ya tezi dume, kwa hiyo kama kuna mzee hapa anaichoma, anajua joto ninalolisema.

Siku hizi kuna vidonge vya kazi hiyo. Elagoliksi ilipitishwa Marekani mwaka 2018. Relugoliksi, ambayo imefungwa pamoja na homoni za kulinda mifupa kwenye kidonge kimoja, ilipitishwa huko kwa endometriosisi mwaka 2022, na Uingereza wakaikubali kwenye huduma yao ya umma mwaka 2025. Haina ule mwanzo wa kuzidisha maumivu. Wenye ndugu huko mtaletewa habari zake. Msiagize kwenye mizigo bila daktari. Danazoli ya miaka ya 1970 niitaje tu niipite: inaotesha ndevu na kuzamisha sauti, na sauti hiyo inaweza isirudi. Mwimbaji wa kwaya au wa kaswida simwandikii.

Na wapo ambao zote hazitawasaidia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta wanawake 11 hadi 19 kati ya 100 hawakupata nafuu kabisa kwa dawa za homoni. Wengine hupata, wakiacha maumivu yanarudi, kwa kuwa dawa hizi zinalaza ugonjwa, haziung'oi. Aliyepewa dawa miezi mitatu kwa usahihi na hakuna kilichobadilika, msimwongezee dozi kwa ubishi. Rudi mwanzo: ni kweli ni endometriosisi? Je, misuli ya nyonga imekaza kwa miaka ya kujikunja? Mtaalamu wa fiziotherapia hufanya kazi kubwa hapo na hatumtumii. Gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, naona bado inaandikwa sana; mwaka 2020 Uingereza waliijaribu kwa wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga ambao kamera haikuonyesha kitu, haikuishinda dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, na iliwaletea usingizi na kizunguzungu. Upasuaji wa kuondoa vidonda una nafasi yake kwa mikono iliyozoea. Kutoa kizazi kizima ni kwa aliyemaliza kuzaa na hasa mwenye adenomiosisi. Kwa endometriosisi iliyokaa kwenye utumbo, kizazi kinaweza kuondoka na maumivu yakabaki.

Neno moja kwa wahudumu. Binti wa shule akija na mama yake kuulizia vidonge kwa ajili ya maumivu, lile swali la "umeolewa?" liacheni. Muulizeni hedhi inaanza lini, anakosa shule siku ngapi, presha yake ni ngapi, ana kipandauso. Andikeni kwenye kadi sababu ya dawa: maumivu ya hedhi. Kadi ikiandikwa hivyo, baba yake akiikuta kwenye begi mama ana la kumjibu.

Na wewe mwenye bahasha ya kaki, kabla hujaja chukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la dawa au ya kanisa, yoyote. Siku ya damu weka duara, siku ya maumivu weka alama ya kuzidisha, siku uliyoshindwa kazi weka mbili. Miezi miwili inatosha. Ukianza dawa endelea kuweka, na usiiache kabla ya miezi mitatu kwa sababu ya matone peke yake. Ila ukipata mguu mmoja uliovimba na kuuma, kifua kubana, au huzuni nzito ambayo si ya kwako, acha na uje siku hiyo hiyo.

Nimekwisha. Dada wa mapokezi anapitisha karatasi na kalamu. Maswali ya tendo la ndoa yaandikwe bila jina, nitayasoma yote kwa sauti na kuyajibu. Kina baba mnaanza.